Nyumba Iliyo Chini ya Barabara

Kila siku baada ya shule, Kimya alikwenda moja kwa moja ofisini kwa shangazi yake, mchora ramani wa manispaa. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, maana tangu ahamie mji huu hakuzungumza na mtu zaidi ya kuitikia salamu. Ofisini alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, akisikiliza feni ikikwaruza.

Shangazi alikuwa akitengeneza ramani ya mtaa wa bondeni, ya aina ile ambamo nyumba husimama kama maboksi na unaweza kuzizungusha ukaziona kila upande. Ilitakiwa ionyeshe nani ahamishwe kabla mto haujafurika. Kimya alipewa futi kamba apite mtaani, apime kila kizingiti kiko juu au chini ya barabara kwa kiasi gani, kisha aiweke kila nyumba kwenye kimo chake.

Lakini huwezi kupima kizingiti cha mtu bila kupiga hodi. Mbele ya mlango wa kwanza, mkono wa Kimya uligoma. Akarudi ofisini, akaziweka nyumba zote usawa wa barabara, akasema, "Nimemaliza, shangazi."

"Haya, tumwage maji," Shangazi alisema, akabonyeza. Rangi ya buluu ikapanda kutoka mtoni, ikalamba ukingo wa barabara, ikasimama hapo. Maboksi yote yakabaki makavu.

"Kumbe mtaa umekaa vizuri. Hata fundi cherehani wa pale kona amesalimika. Kesho naipeleka kwa watu wa uokoaji."

Kimya akalitazama boksi la kona. Kila alipopita pale alimwona yule bibi akishona peke yake, kichwa chake kikiwa usawa wa viatu vya wapita njia. Mlango wake unashukiwa kwa ngazi.

"Shangazi." Sauti ilimtoka nyembamba. "Sikupima."

"Hukupima ipi?"

"Hata moja. Niliona haya kupiga hodi."

Feni ikakwaruza. Shangazi akachukua futi kamba. "Twende. Hodi utapiga wewe, mimi nitashika ncha."

Walianzia kwa fundi wa kona. Kimya alipiga hodi kama anayeuomba mlango msamaha.

"Karibu, mjukuu wangu," fundi alisema. "Si wewe unayepita hapa umeinamisha kichwa? Nilidhani umedondosha sindano."

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kupima mlango wako."

"Marahaba. Pima, ingawa hauna homa."

Walipima mtaa mzima. Waliporudi, Kimya akalishusha boksi la kona chini ya barabara. Maji yakamwagwa tena. Safari hii buluu ililimeza mpaka dirishani. Fundi akawekwa wa kwanza kuhamishwa.

"Kompyuta hukaa na kile ulichoiambia," Shangazi alisema. "Ukiogopa kazi, niambie, nitakusindikiza. Ukisema umeifanya kumbe hujaifanya, atakayeumia ni mtu aliyelala akikuamini."

Kesho yake Kimya alipita kona ile kichwa chini, kama kawaida.

"Mpimaji," sauti ikatoka chini ya barabara, "leo hupigi hodi?"

Kimya akasimama. Kisha akazishuka ngazi.