Doa Ndani ya Kola

Majirani walimwita Mama Povu. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, na kwake nguo haikuwa na siri. Akiona doa tu, alijua mwenye nguo alikula nini na aliketi wapi.

Siku moja alikuwa akifua shati la mumewe, fundi cherehani. Ndani ya kola aliona doa la mafuta. Lingekuwa nje, angesema ni mafuta ya cherehani. Lakini ndani? Na mumewe hakuwa mtu wa kujipaka mafuta. Hata viwiko vilimpauka. Basi alilivua wapi shati hili, na nani alimpaka?

Wiki iliyofuata doa lilirudi. Mara zote mbili lilikuwa shati la Alhamisi, siku ambayo mumewe alichelewa kurudi, akaja na uso mkunjufu, akalala fofofo. Mama Povu hakuuliza. Wivu ulimpanda. Alisugua nguo za watu mpaka vifungo vikang'oka. Shingo ilimkaza, kichwa kikamgonga. Alikunja nguo zake, akazitia kwenye mfuko. Akimfumania, angekwenda kwa kaka yake.

Alhamisi ya tatu alimfuata. Mumewe aliingia zahanati, chumba cha mwisho. Nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke ilisema, "Legea tu. Hapa panauma?"

Mama Povu akavuta pazia.

"Panauma," alisema. "Ila ni kwangu."

Mumewe alikuwa ameketi kifua wazi, ameinamia mto. Nyuma yake alisimama mama mwenye mvi, amevaa sare, viganja vinang'aa mafuta. Fundi alibabaika. Alieleza kwamba kuinamia cherehani kutwa kulimkaza mabega, na mawazo ya kazi yalimnyima usingizi. Nyumbani aliona haya kusema. Mkewe hubeba mabeseni ya maji bila kulalamika. Yeye aseme sindano imemshinda?

Mkandaji alimtazama Mama Povu. "Mwanangu, mabega yako yamepanda mpaka masikioni. Keti. Ugomvi utakungoja."

Alimkanda taratibu huku akieleza. Mtu akiwa na wasiwasi, misuli hukaza bila yeye kujua. Ikikandwa hulegea, na moyo nao hutulia. Hata nyumbani inawezekana: mafuta kidogo, dakika kumi, kwa viganja, bila kuminya koo wala uti wa mgongo. Mtu asikandwe penye jeraha au uvimbe, wala akiwa na homa. Maumivu yasipoisha, au mkono ukifa ganzi, amwone daktari.

Mama Povu alisikia shingo ikiachia. Machozi yakamtoka, akasingizia mafuta.

"Mfundishe huyu hapa hapa," alimwambia mkandaji. "Alhamisi zake nazitaka mwenyewe."

Mkandaji alicheka, akawafundisha wote wawili.

Sasa kila Alhamisi jioni mume na mke hukandana kwa zamu. Ule mfuko wa nguo ulifunguliwa siku ile ile. Juzi, akichambua nguo za kufua, Mama Povu aliona doa la mafuta ndani ya kola ya blauzi yake mwenyewe. Hili alijua limetoka wapi. Kisha akaiweka blauzi kando, akaanza na nguo za watu.