Muda wa Lori

Kila alasiri ya likizo, Upendo alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko kuchota maji. Alisimama juu ya mlima kwenye barabara ya Kobero, saa ya michezo mkononi, akimsubiri dada yake Jovina apande kwa baiskeli ili ampimie muda. Jovina alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa wa timu moja ya Gitega, Burundi, na kijijini kwao Butihinda hata vikongwe waliitambua jezi yake.

Msimu ujao timu ingempeleka kwenye mbio moja kubwa tu. Angeweza kuchagua za milimani za Februari, ambako timu za nje huja kutafuta wachezaji, au zile za Agosti. Jovina alizitaka za Februari kwa roho yake yote. Ila kocha alisema, "Kwanza nitumie muda wako wa mlimani."

Siku ya kupima ikafika, na Jovina akatokea konani akiwa ameshika nyuma ya lori la saruji! Wabeba ndizi wa Muyinga hupanda hivyo kila siku, mkono mmoja kwenye lori, mwingine kwenye usukani, na hakuna anayewashangaa.

"Tuma huo muda," Jovina alisema, akihema.

"Lakini dada, umeshika lori."

"Nani hashiki lori huku? Miguu imenigomea leo tu. Tuma!"

Upendo akautuma kwa simu. Tangu hapo hakutulia. Akikaa, anainuka. Tena alimwona Jovina akijifunika kitenge juani, anatetemeka. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba ni uchovu.

Likizo ilipokaribia kwisha, walikwenda Gitega pamoja kumwona kocha. Kocha Elias aliwapokea kwa kicheko.

"Bon! Na muda kama huu, Februari iko yako, Jovina. Leo napeleka jina."

Upendo akasimama, akaketi, akasimama tena.

"We mutoto, iko siafu ndani ya viatu?" kocha alimtania.

Akimsema dada yake, huenda dada akafukuzwa. Akinyamaza, jina linakwenda. Mdomo ukamtangulia. "Kocha, ule muda si wa Jovina. Ni wa lori!"

Kicheko kikakatika. "Umeniua, Upendo," Jovina alinong'ona, kisha akaangua kilio. "Ni kweli, kocha. Siku nyingi sasa mlima unanishinda. Niliogopa utampa mwingine nafasi."

Kocha alikuwa amekasirika, tena sana. Lakini alipomwona anatetemeka, alimgusa paji la uso, akashtuka. "Eh! Unawaka moto! Twende kwa muganga."

Kwenye zahanati walimkuta na malaria iliyomkaa mwilini kwa muda mrefu. Daktari alisema angeendelea kupanda milima hivyo, angeanguka barabarani. Akampa dawa na kumkataza baiskeli mpaka apone kabisa.

Nje ya zahanati, Jovina alishindwa kumtazama kocha. "Utanitoa kwenye timu?"

"Hapana. Lakini adhabu iko: ukipona, utaosha baiskeli za wenzako mpaka mi niseme basi. Na mbio zako ni za Agosti. Za Februari, sahau."

Jovina aliinamisha kichwa. Ilimuuma, na Upendo akaona ni yeye aliyemchoma. Akaanza kusogea pembeni, lakini dada yake akamvuta kwa mkono, akambana ubavuni.

Kocha Elias akawatazama wote wawili. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikilizeni. Mi sikuomba muda muzuri, niliomba muda wako, Jovina. Ungenitumia ule mubaya, siku ile ile ningejua uko mugonjwa, na ungetibiwa mapema. Uliona unanidanganya mi. Kumbe ulijifungia mulango wa dawa wewe mwenyewe, na huyu mudogo wako ndiye ameufungua."