Lebo ya KIMI

Magunia arobaini ya mbegu za mahindi yalikuwa yametoweka katika ghala la ushirika mjini Kitale. Kilichobaki sakafuni ni lebo moja iliyobanduka, imechapwa herufi nne: KIMI.

"Madam, kosa ni ya kompyuta," alisema Hesbon, mtunza ghala, kabla hata Inspekta Chelagat hajauliza. "KIMI ni Kimilili ama Kiminini? Mzigo imepotea njiani. Shika huyu msichana aliandika hiyo programu."

Msichana mwenyewe, Nasimiyu, alikuwa na miezi miwili tu kazini, na meneja alikwisha kumwambia afungashe virago.

"Programu yako hufanya nini?" Chelagat alimuuliza.

"Inafupisha majina ya vituo, madam. Inachukua herufi ya kwanza, inaongeza moja moja mpaka hakuna vituo viwili vinafanana."

"Nionyeshe."

Nasimiyu alibonyeza. Suam ikawa S, Tuwan ikawa T. Kimilili ikatoka KIMIL, Kiminini, KIMIN.

"Inaweza kutoa KIMI?"

"Haiwezi. Hapo bado ni vituo viwili. Lazima iendelee."

Basi lebo ilichapwa na mtu. Na dereva akipewa lebo isiyoeleweka, hana budi kuuliza. Chelagat hakupenda kutembea pale ambapo simu ingetosha, kwa hiyo alimpigia Kigen, dereva wa lori.

"Ulimuuliza nani?"

"Si ni Mzee Hesbon. Alisema nipeleke Bungoma, kwa stoo ya shemeji yake, karibu na stesheni."

Kufikia alasiri polisi wa Bungoma walikuwa wameyapata yote arobaini, hata moja halijafunguliwa.

"Hukuuza, mzee," Chelagat alimwambia. "Ulitaka nini?"

Hesbon aliinamisha kichwa. "Hiyo lebo nilichapa saiba, kwa kompyuta ya kulipia huko mjini. Nilitaka hii mashine itolewe. Miaka kumi na nane niliandika lebo kwa mkono. Nikiandika KIMI, dereva anakuja kuniuliza ni wapi. Wote walikuwa wanakuja. Saa hii hakuna mtu ananiuliza kitu."

Alifungwa pingu. Nasimiyu, aliyekuwa amerudishiwa kazi yake na furaha imemjaa, aliwafuata hadi kwenye gari.

"Mzee," alisema, "mbegu zikirudi, nizipange upande gani wa ghala ambao paa halivuji?"

Hesbon alimweleza kwa kirefu, na polisi wakangoja.