Kiapo cha Mjane

Jumatatu ndiyo siku ambayo padri huyu hakuwa wa waumini. Alivua kola, akavaa kaptula, akaenda kwa dada yake mdogo, ndugu pekee aliyembakia duniani, kumfulia na kumpikia uji. Dada alikuwa mwezi wa pili kitandani na madaktari walishanyoosha mikono. Kaka mtu alikuwa amemwombea hadi magoti yakaota sugu.

Kabla ya upadri alikuwa wakili, na wakili wa haraka zisizo na baraka. Viapo vya watu alivigonga muhuri kwa mafungu, "Ameapa mbele yangu," hata kama mwapaji hajamwona kwa macho. Kimoja kilidai mjane fulani ameridhia kumwachia shemeji yake nyumba. Mjane huyo hakuwahi kufika ofisini. Alifia kwenye baraza za watu, na wakili akakimbilia madhabahuni.

Alasiri hiyo, akianika shuka, alisikia kiti kikivutwa sebuleni. Akaingia. Mwanamke alikuwa ameketi, mikono magotini, kama mtu aliyezoea kungojeshwa. Mto wa kiti haukubonyea.

"Nimefika," alinong'ona. "Niapishe."

Padri alimjua bila kuambiwa. Akamsihi amchukue yeye, amwachie dada yake, maana hana kosa. Chumbani, pumzi za dada zikaanza kukatika.

Akachukua karatasi. Akaandika kwamba mjane hakumpa mtu nyumba yake. Akamsomea. Akamwapisha neno kwa neno, kama alivyopaswa miaka tisa iliyopita.

"Weka dole gumba," alisema, akageuka kutafuta wino. Wino haukuwapo.

Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Karatasi haipo. Chumbani kimya.

Alikimbia. Dada alikuwa ameketi kitandani, homa imekwisha, macho makavu. Padri akapiga magoti, akalia kwa furaha, akamwita kwa jina lao la utotoni.

"Asante, wakili," alinong'ona dada. "Sasa nirudishe nyumbani kwangu."

Tangu azaliwe hajawahi kumwita ila kaka.

Karatasi ilikuwa mapajani mwake, na alama ya dole gumba juu yake ilikuwa bado mbichi. Padri akaushika mkono wa kulia wa dada, akaugeuza. Dole gumba lilikuwa laini kama ganda la yai, halina mstari hata mmoja.