Mwizi wa Majina

Kabati la chuma lilikuwa wazi, mlango wake umepindwa kama mfuniko wa kopo la samaki. Rafu ya juu ilikuwa tupu.

Inspekta Merewai Tuisolo alichuchumaa mbele yake bila kugusa kitu. Nje, gari-moshi la miwa lilipita polepole kuelekea kiwandani, na harufu nzito ya sukari inayopikwa ikaingia kwa dirisha lililovunjwa kitasa.

"Kimeibwa nini?"

"Diski moja," alijibu Dakta Asenaca Ravula, mkurugenzi wa kituo hicho cha utafiti wa afya. "Ndogo tu. Inaingia mfukoni mwa shati."

"Kompyuta?"

"Zipo zote."

"Fedha?"

"Bahasha ya fedha za mafuta ya gari ile pale mezani. Haikuguswa."

Sajenti Dharmend, aliyekuwa akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole, aliguna. "Basi mwizi si wa hapa Labasa, Afande. Wa kwetu angebeba bahasha, akaondoka na kiti pia. Huyu katoka Suva, mji mkuu."

Merewai hakucheka. "Kwenye diski kuna nini, Dakta?"

Dakta Asenaca alikaa. Alikuwa amerudi jana tu kutoka Suva, alikokaa zaidi ya mwezi mzima akitafuta ufadhili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta moto.

"Majina," alisema.

Akaeleza. Kwa miaka mingi kituo kilikusanya taarifa za wagonjwa kutoka hospitali na zahanati zote za kisiwa cha Vanua Levu. Walikuwa wakifuatilia ugonjwa mmoja: ule unaoanza kama maumivu ya koo kwa mtoto, usipotibiwa ukashuka moyoni na kutafuna vali zake, vile vilango vya damu. Dawa ni sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka. Watafiti hawakuona majina. Kila mgonjwa alikuwa namba. Diski hiyo peke yake ndiyo iliyosema namba ipi ni nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani.

"Kwa hiyo aliye nayo anajua nani ana moyo mbovu kisiwa kizima."

"Inspekta, tulikwenda kijiji kwa kijiji na mizizi ya yaqona mkononi, zawadi ya kuombea ruhusa. Tuliketi mikekani mbele ya wazee, tukaapa kwamba majina ya watoto wao hayatatoka nje ya kabati hili." Aliitazama rafu tupu. "Sasa nitawatazama kwa macho gani?"

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Shalend Pillay. Mtakwimu wetu. Lakini mwenye ufunguo asingevunja kabati, au sivyo?"

"Labda," alisema Merewai.

Shalend Pillay alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri. Alijibu maswali akiangalia mikono yake.

"Mara ya mwisho uliiona diski lini?"

"Ijumaa. Kila Ijumaa nafungua kabati na kuhakikisha ipo."

"Ijumaa hii iliyopita ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na Ijumaa zilizotangulia?"

"Ilikuwepo siku zote."

"Kuna mtu amekuwa akiulizia majina hayo?"

Shalend alisita. "Wakala mmoja wa bima. Alikuja mara mbili. Dakta alimfukuza."

Wakala huyo alipatikana sokoni, miguu ameikunja mbele ya bakuli la kinywaji cha yaqona, macho yamelegea. Alicheka alipoulizwa.

"Mama Inspekta, mimi niliomba, nikanyimwa, nikatukanwa. Kwani kuomba ni kosa?"

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kisiwani Taveuni, harusini kwa shemeji yangu. Uliza kijiji kizima. Nililala chini ya meza, walinipiga picha."

Picha zililetwa. Kweli alikuwa chini ya meza.

Maabara nayo haikusaidia: alama zote za vidole zilikuwa za wafanyakazi. Merewai alinunua roti mbili za viazi na kumpa Dharmend moja, wakazila wakiwa wamesimama kando ya gari.

"Tufikiri," alisema. "Mtu kaiba majina. Majina hayaliwi. Atayafanyia nini?"

"Atayauza. Au atatisha watu: nipe kitu, la sivyo wakwe zako watajua una moyo wa karatasi."

"Basi mwenye jina ndiye atakayetujia na habari. Twende hospitali kwenye kliniki ya moyo, tuulize kama kuna mgonjwa aliyefuatwa na mgeni."

Nesi Kelera wa kliniki ya moyo aliwapokea amejawa na jasho. Kwenye mabenchi nyuma yake akina mama walikuwa wamebanana, watoto mapajani, wengine chini sakafuni.

"Dada Merewai, kama umekuja kupimwa, panga foleni. Sijui watu hawa wameota ndoto gani! Zamani tulikuwa tukiwabembeleza waje. Siku hizi wanatoka hata milimani, wanateremka na lori la miwa, wanasema: mpime mwanangu moyo."

"Na wanapopimwa?"

Kelera aliacha utani. "Ndilo linalonishangaza. Karibu wote ni wagonjwa kweli. Na karibu wote waliwahi kuanza sindano, wakaacha."

Merewai na Dharmend walitazamana.

"Walianza kuja lini?"

"Kama wiki tatu hivi. Wa kwanza ni yule pale, Mama Torika wa Vunidakua. Leo kamleta mtoto kwa sindano."

"Wiki tatu? Una hakika?"

"Dada, mimi ndiye niliyempima. Ilikuwa juma la maonyesho ya shule."

Merewai alikwenda kuketi kwenye benchi. Mama Torika alikuwa mama mnene mpole, na mwanawe Semi, wa miaka minane, alikuwa akila muhogo wa kuchemsha kwa bidii zote.

"Mama, nani alikuambia umlete?"

"Mtu wa afya. Mhindi mmoja mwembamba. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyake vya ofisini vimejaa tope, maskini. Nikamwambia ingia ule, samaki yupo na nazi yake. Akakataa. Akauliza kama nina mtoto wa kiume aliyezaliwa mwezi wa tatu. Tarehe aliitaja. Jina alilitaja. Akasema, 'Mama, amekosa sindano nyingi. Usingoje.' Semi alipotokea mlangoni yule mtu akamwangalia, akamwangalia, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha ajabu. Halafu akalia."

"Alikuomba chochote?"

"Maji. Akanywa, akaondoka." Mama huyo akamshika Merewai mkono. "Amefanya kosa gani, binti yangu? Daktari anasema mwezi mmoja zaidi ningemzika huyu."

Ndani ya gari, Dharmend hakuwasha injini.

"Kabati limevunjwa mwisho wa juma hili," alisema polepole. "Lakini majina yako vijijini wiki tatu sasa."

"Ndiyo. Diski ilitoka zamani. Kabati lilivunjwa baadaye ili ionekane imetoka jana."

"Na kuna mtu mmoja tu aliyesema aliiona Ijumaa."

"Mkurugenzi alikuwa anarudi. Angefungua kabati, akute pengo. Ilibidi liwepo tundu la kusingizia."

Dharmend alipumua. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Afande, huyu mtu amewaumbua kabla kifo hakijafika. Tumkamate kwa hilo?"

"Kuna mahali pengine kwanza," alisema Merewai. "Kelera kanipa jina la msichana aliyekuja jana akilia, na si kwa ajili ya moyo."

Jioni hiyo walimleta Shalend Pillay kituoni. Hakuuliza kwa nini. Aliweka diski mezani mwenyewe, imefungwa kwenye leso, kabla hata hajaketi.

"Una haki ya kunyamaza," alianza Merewai.

"Nimenyamaza sana, Afande. Nimechoka."

Merewai aliwasha kinasa sauti. "Ulivunja kabati?"

"Nilivunja. Sijui hata kushika mtaimbo, niliumia kidole."

"Diski uliitoa lini?"

"Dakta alipokwisha kupanda ndege tu."

"Umemuuzia nani?"

"Hakuna." Alisema kwa ukali wa kwanza tangu aingie. "Hata mtu mmoja."

"Umekwenda kwa watu wangapi?"

"Thelathini na kitu. Wale waliokuwa hatarini zaidi. Wamebaki wachache wa upande wa Udu, ni mbali, basi halifiki."

"Vasiti Draunidalo unamkumbuka?"

Alikumbuka, na uso wake ukasawijika.

"Miaka kumi na tisa," alisema Merewai. "Ulimkuta nyumbani, nyumba imejaa wageni. Ulijua ni wageni gani?"

"Sikuuliza."

"Wakwe zake. Walikuja na mikeka na meno ya nyangumi kumposa. Ukasimama mlangoni ukasema moyo wake unavuja, na kwamba akishika mimba unaweza kusimama. Wakakusanya mikeka yao, wakaondoka. Msichana hajala sawasawa tangu siku hiyo. Kijiji kizima sasa kinamwita Moyo Mbovu."

Shalend alifunika uso kwa viganja. Dharmend alisogeza glasi ya maji mbele yake, akatazama pembeni.

"Ndiyo maana mliapa, Bwana Pillay," alisema Merewai, sauti imeshuka. "Kiapo kile kilikuwa cha kumlinda Vasiti. Sasa niambie. Mtu kama wewe, asiyewahi hata kuegesha gari vibaya. Kwa nini?"

Shalend alikunywa maji, akairudisha glasi mezani.

"Kazi yangu ni namba," alisema. "Mwaka jana, katika data zilizokuja, niliona namba moja, 2207. Msichana, miaka kumi na moja. Alikuwa hakosi sindano, halafu akaanza kukosa. Mwezi, mwezi, mwezi. Nikajua kinachokuja, hesabu zangu mwenyewe zilikuwa zinaniambia. Nikaiandikia kamati ya maadili: ruhusuni mtu mmoja afungue jina moja, ampe nesi wa kijiji. Wakasema wazo zuri, litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kikaahirishwa kwa kimbunga. Kingine kikaahirishwa kwa sababu mwenyekiti alisafiri."

"Dakta Asenaca alijua?"

"Alijua, naye aliandika. Si mtu mbaya, Afande. Hakuna mtu mbaya katika jambo hili. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Data za robo mwaka zikaja. Nikaitafuta 2207. Mwisho wa mstari wake palikuwa na tarehe ya kifo."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

"Nilirudi nyumbani. Mke wangu akauliza, kulikoni? Nikamwambia nimefiwa. Akauliza, nani? Nilitaka kumlilia mtu, sikujua ninamlilia nani. Ilikuwa sikukuu ya Diwali, watoto wangu wakawasha taa, mimi nimekaa chooni. Na kwenye kompyuta nilikuwa nimewaacha wengine wengi wanaokosa sindano, mwezi, mwezi, mwezi."

"Ukaiba diski."

"Nikaiba. Jina la kwanza nililofungua lilikuwa lake. Anaitwa Losalini." Alilitamka taratibu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. "Nilikwenda kwao, kabla ya mwingine yeyote. Kaburi liko nyuma ya nyumba, limefunikwa kitambaa na mashada. Mama yake akaniona nimesimama njiani. Akanikaribisha, akanipa chai na vitumbua. Akaniuliza, mwanangu, unatafuta nani? Nilikuwa nimepanga maneno yote, kwamba mimi nilijua, nilijua tangu mwaka jana. Afande, nilishindwa. Nilimwambia nimepotea njia. Akanisindikiza mpaka barabarani, nisipotee tena."

Merewai alizima kinasa sauti, kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kukizima, akakiwasha tena.

Asubuhi yake alikwenda kwa Dakta Asenaca na nakala ya maungamo. Mkurugenzi aliyasoma amesimama. Alipomaliza alipiga simu Suva, na waliokuwa karibu walisema hawakuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Kamati iliyoshindwa kukutana tangu msimu wa vimbunga ilikutana kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Manesi waliondoka kwa mashua kwenda Udu kwa wale waliobaki, na safari hii walitakiwa kubisha hodi kama wageni wa kawaida, wamwite mama pembeni, waseme naye peke yake.

Shalend alishtakiwa kwa wizi na kwa kutoa siri za wagonjwa. Kazi aliipoteza siku hiyohiyo. Jela, mawakili walisema, itategemea hakimu, na hakimu atategemea walioumizwa watasema nini.

Ndiyo maana Merewai alimfuata Vasiti hospitalini, alikolazwa akingoja kupelekwa kufanyiwa upasuaji wa vali. Msichana alikuwa ameketi kitandani, amejisuka nywele mwenyewe vibaya, kitambaa cha posa kimekunjwa chini ya mto. Mchumba alikuwa hajaja wala hajatuma salamu.

"Nimekuja kuchukua maelezo yako," alisema Merewai. "Yatasomwa mahakamani. Huna haja ya kumwonea huruma, na huna haja ya kumchukia. Sema lako."

Vasiti alikisukuma kitambaa ndani zaidi chini ya mto.

"Andika kwamba alinivua nguo mbele za watu," alisema. "Andika hivyohivyo. Jina langu lilikuwa langu. Hakuwa na haki ya kuja nalo mlangoni."

Merewai aliandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa andika kwamba daktari kanionyesha moyo wangu kwenye kioo cha mashine. Nimeuona unavyovuja. Amesema ningeolewa Desemba, ningezikwa kabla ya Desemba nyingine." Akaweka mkono kifuani. "Usichague moja, Mama Inspekta. Wakikuambia maelezo yangu yanapingana, waambie ndivyo nilivyosema. Soma yote mawili."