Penseli ya Arobaini na Moja

YAH: KUZIDI KWA PENSELI MOJA, DARASA LA KUSOMA NA KUANDIKA

Barua hiyo ilirudishwa mara tatu. Karani wa gereza hakuwa na ugomvi na maneno yake. Shida ilikuwa fomu, yenye safu ya "pungufu" lakini isiyo na safu ya "zaidi". Katika gereza lile vitu hupungua. Kinachoongezeka ni wafungwa, na hao wana daftari lao.

Askari aliyeiandika walimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kusoma wafungwa wa karakana. Kila asubuhi aligawa penseli arobaini, na kipindi kikiisha alizikusanya kabla mlango haujafunguliwa, maana kwa kanuni za gereza penseli ni silaha. Sasa ilikuwa wiki ya pili zinarudi arobaini na moja. Ile ya ziada ilikuwa imetafunwa mwishoni, ina joto la kiganja, na inanuka vanishi. Aliivunja. Aliitupa chooni. Kesho yake ikarudi nzima, imetafunwa palepale.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya Fundi, mzee wa karakana ya useremala aliyetengeneza madawati yale yote, mwenye pumu ya vumbi la mbao, aliyejiunga na darasa ili amwandikie binti yake barua kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi uliopita alifia kwenye dawati la nyuma, siku penseli moja ilipopotea na mlango ukabaki umefungwa. Jalada lilisema ilikutwa mfukoni mwa marehemu. Binti alipokuja kuchukua viatu vya baba yake alisomewa hayo, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba yangu aliiba penseli, afande?" Mwalimu akatazama mabuti yake, akamwonyesha pa kutia sahihi.

Jumatatu saa nne, jua limejaa dirishani, alikuwa akiandika ubaoni aliposikia filimbi nyembamba ya mtu anayevuta pumzi isiyoingia, kisha tk, tk, tk ya penseli juu ya mbao, kutoka dawati la nyuma ambalo hakuna aliyekubali kulikalia, na darasa zima likaacha kuandika bila mtu hata mmoja kugeuka, na harufu ya vanishi ikapanda, na filimbi ikasogea mbele safu kwa safu, mpaka akahisi pumzi ya moto nyuma ya sikio lake la kulia, na kidole kikavu kikipapasa hapo, taratibu, kama cha mtu anayetafuta kitu alichokwisha kukiona.

Mchana alikwenda karakana ya ushonaji, kwa mganga aliyefungwa miaka sita kwa utapeli na ambaye sasa alishona vifungo vya sare. Alimweleza yote kwa kunong'ona. Mganga alikata uzi kwa meno.

"Afande, majini nayajua, nimeyauza miaka kumi na tano. Huyo si jini. Jini lingeshadai ubani."

"Sasa anataka nini?"

"Mimi ni tapeli, hata hakimu alisema. Ila tangu umeingia unashikashika sikio. Sikio lina nini?"

Mwalimu aliushusha mkono. Alirudi darasani, akajibana kwenye dawati la nyuma, akachukua ile penseli ya ziada. Alijua barua hii ingemvua sare. Aliacha kichwa cha habari kilekile, maana kipya kingedai jalada jipya, na chini akaandika: nakala kwa binti wa marehemu. Filimbi ilikaa begani pake, ikimfuata herufi kwa herufi, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma.

"Penseli haikuibwa. Marehemu aliniomba mara tatu nifungue mlango aende zahanati. Nilikataa hadi ipatikane. Alipokwisha kufa ndipo nilipoigusa. Ilikuwa nyuma ya sikio langu. Nikaitia mfukoni mwake."