Mshiriki wa Arobaini

Saa tatu kasorobo asubuhi, kipima pumzi kikiwa kimefungiwa kabatini na ufunguo ukiwa mfukoni mwa Muuguzi, mtu alipuliza ndani yake.

Aliyegundua ni Mhandisi aliyekiunda, baba wa watoto watatu ambaye ofisi nzima ilimwita Waya kwa jinsi alivyokonda. Aligeuza kompyuta ili Muuguzi aione.

"Huyu mshiriki wako wa arobaini, umempima tena leo?"

"Leo sijapima mtu."

"Basi kajipima." Waya alicheka peke yake. "Na anazidi kunawiri. Wenzake vumbi linawaua, yeye linamnenepesha."

Muuguzi alizisoma namba mara mbili. Mshiriki wa arobaini hakuwahi kuzaliwa.

Utafiti wao uliuliza swali moja: je, vumbi la karatasi kuukuu huwadhuru wanaozitunza? Waya alileta mashine. Muuguzi alileta elimu ya mapafu. Mkutubi mmoja mzee, mwalimu wa ukutubi ambaye hata wakubwa wake walimwita Bibi Sauti-Chini, aliwafungulia stoo ya chini ambako magazeti na vitabu vilivyochoka vililazwa. Profesa, msimamizi wao, alileta jina lake. Alitaka watu arobaini. Walipatikana thelathini na tisa, na ripoti ya kwanza ilitakiwa Jumatatu; baada ya hapo kila mmoja angeendelea kupimwa kila siku chache.

Sasa mtu mzima akikosa mtu mmoja hufanya nini? Husema amekosa. Muuguzi hakusema. Alimchukua mama yake mzazi, aliyeshona vitabu katika stoo ile miaka thelathini na ambaye tayari alikuwa mshiriki wa kumi na mbili, akampandisha ngazi mara mbili ili namba zisifanane, akamwambia apulize tena.

"Tena?" Mama alisema akihema. "Mapafu yangu mmeyageuza baiskeli ya kukodi?"

Pumzi ile Muuguzi akaiandika kwa mwanamke wa kubuni: miaka sitini na moja, mjane, mpanga mafaili. Akamtilia sahihi ya ridhaa kwa mkono wa kushoto, akalala vizuri tu. Uongo wa kitaalamu haumnyimi mtu usingizi, una jedwali.

Wiki iliyofuata Mama alianza kuhema akifunga kanga. Kisha akawa anahema akiwa amekaa. Muuguzi alimpa dawa, akampeleka kupigwa picha ya kifua, akaambiwa kifua ni safi. Ila asubuhi ile, mbele ya kompyuta ya Waya, aliziweka namba za Mama kando ya namba za yule mwingine, na hazikuhitaji msomi: alichopungukiwa mmoja ndicho alichoongezewa mwenzake, tone kwa tone.

Alikimbilia nyumbani. Ilikuwa mchana mweupe, majirani wanaanika nguo, redio inaimba. Chumbani kwa Mama palinuka karatasi iliyolowa ikakaukia mwilini mwa mtu. Mama alikuwa amelala chali. Kifua kilipanda, akavuta pumzi kwa taabu. Kikashuka kimya, bila hewa kupita puani wala mdomoni, na pumzi ikatolewa taratibu, kwa raha, pembeni ya kitanda ambako hapakuwa na mtu.

"Shika adabu, umsalimie mgeni," Mama alinong'ona. "Mpole kweli. Anasema ana miaka sitini na moja. Nikamwambia, mbona hufanani nayo? Akasema ndiyo aliyopewa."

Jioni haikumkuta Muuguzi hapo. Alikwenda kwa Bibi Sauti-Chini, ambaye baba yake alikuwa mganga, na ambaye hakuwahi kulificha jambo hilo wala kulitangaza. Muuguzi alimwambia yote. Bibi alivua miwani.

"Kumbe ulimtilia na sahihi."

"Ndiyo, Bibi."

"Mwanangu, jini havunji mlango. Hukaa nje miaka akitafuta jina la kuitikia. Wewe umempa umri, kazi, na pumzi ya kuanzia maisha. Hata watoto wetu hatukuwaandalia hivyo."

"Anatokaje?"

"Uliwaambia watu yupo, wakamwamini. Kila mmoja asikie kwa kinywa chako kwamba hayupo. Akibaki hata mmoja anayemhesabu, ana pa kukaa."

Kesho yake walimshusha Mama stoo akiwa kwenye kiti, Waya akishika upande mmoja na Muuguzi mwingine. Muuguzi aliungama. Waya aliinamisha kichwa, akasema tu, "Ungeniambia, dada. Ningepuliza hata mimi kwa jina langu." Profesa alipigiwa simu. "Nimekusikia, binti yangu," alisema. "Ukweli ni mzuri. Lakini thelathini na tisa si arobaini. Tutaongea." Akakata.

"Amesikia," Bibi alisema. "Kama ameelewa, hilo sina dawa yake. Mfute kwa mkono wako."

Bibi akaanza kusoma dua za baba yake, kwa sauti ileile aliyonyamazishia wanafunzi, na Muuguzi alipogusa kitufe cha kufuta, taa hazikuzimika wala mlango haukubamizwa, ila harufu ile ikapanda kutoka sakafuni, ikapenya kati ya rafu, na vitabu vikaanza kuvimba na kunywea, kuvimba na kunywea, rafu baada ya rafu, kama vifua vya watu waliolala, mpaka stoo nzima ikawa inapumua na Muuguzi na Waya ndio waliobana pumzi, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole sikioni mwa Muuguzi, bila hasira, kama mtu anayeuliza foleni inaishia wapi, "Sasa mimi niende wapi?"

Bibi hakuacha kusoma. Rafu zikatulia. Mama akashusha pumzi ndefu, yake mwenyewe, akaomba chai.

Siku tatu nyumba ilikuwa nyumba. Mama alifunga kanga akiimba, akawasengenya majirani, akapanda ngazi bila kulazimishwa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Profesa alipiga simu. Alikuwa na furaha.

"Nimemrudisha yule wa arobaini kwenye ripoti. Usinune, hukumbuki vizuri, ulichoka tu. Mbona mtu yupo? Kaja ofisini kwangu mwenyewe, kwa miguu yake. Mama wa heshima kabisa. Anakuulizia. Ngoja nimpe simu umsalimie."

"Profesa, usimpe. Mwambie hayupo. Tafadhali, mwambie—"

Simu ilikuwa imeshabadili mkono.

Chumbani, Mama alivuta pumzi. Muuguzi akasimama mlangoni, simu sikioni, akamtazama, akisubiri aitoe. Ikatokea kwenye simu.